Historia ya Kuhara Kunakofuata Dawa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima wa Njombe na Makambako

Fungueni madaftari yenu, na wale waliokaa nyuma wasogee karibu wapate kusikia vizuri. Nawe usomaye somo hili katika karatasi, soma polepole, na mahali pagumu rudia mara ya pili.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ugonjwa mmoja wa tumbo, ambao huwapata hasa watu waliolazwa hospitali, au waliotoka hospitali karibuni. Ugonjwa huu una jambo la ajabu: mara nyingi mlango wake hufunguliwa na dawa. Tena si dawa mbaya, bali dawa ile ile iliyomwokoa mgonjwa.

Kabla hatujaanza nina ombi moja. Mtu akisikia nusu ya somo hili aweza kwenda nyumbani akasema, "Redio imesema dawa za hospitali zinaua." Redio haisemi hivyo. Sikilizeni mpaka mwisho, maana jambo hili lina pande mbili, na mwenye kushika upande mmoja tu atajidhuru.

1. Tumbo ni kama shamba

Sisi tumezoea kusema kwamba vijidudu ni adui. Ni kweli kwamba vijidudu vingine huleta kipindupindu, kifua kikuu na homa ya matumbo. Lakini si vyote. Fikirini ulanzi. Ukigemwa asubuhi ni mtamu, hata mtoto huutaka. Ukikaa, unakuwa mkali. Ni nani aliyeugeuza? Ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maziwa nayo yakiwekwa katika kibuyu yanaganda. Hiyo pia ni kazi ya vijidudu.

Basi katika utumbo mpana wa kila mtu mnaishi vijidudu vingi mno, vya aina mamia. Vingi havitudhuru. Vyatusaidia kusaga mabaki ya chakula, na kwa kuwa vimejaa kila mahali, adui akiingia hapati nafasi ya kukaa wala chakula cha kula.

Mkulima wa viazi hapa Njombe ataelewa mara moja. Shamba lililojaa mimea mizuri, iliyofunika udongo, magugu hayaoti kwa wingi. Lakini ung'oe kila kitu, uache udongo mtupu, kisha mvua inyeshe. Ni nini kitakachoota kwanza? Si viazi. Ni magugu, hasa yale yenye mizizi au mbegu zisizokufa kwa jembe.

Dawa za kuua vijidudu, ambazo huitwa viuavijasumu, au kama wengi wasemavyo, antibiotiki, hazina macho. Zikitumwa kumwua adui aliye katika mapafu au katika kidonda, hupita pia katika utumbo na kuua vijidudu vyema vilivyomo. Udongo wabaki mtupu. Ndipo gugu moja laweza kuota. Jina la gugu hilo ni Klostridiamu difisile. Neno "difisile" ni la Kilatini, maana yake "ngumu". Leo tutaliita Difisile tu.

Difisile likiota kwa wingi hutoa sumu. Sumu hiyo hula ngozi ya ndani ya utumbo mpana, na utumbo huvimba. Mgonjwa huhara maji mara 3 au zaidi kwa siku, tumbo humnyonga, na pengine hupata homa. Ugonjwa ukizidi, ndani ya utumbo huonekana madoa ya utando wa rangi ya manjano. Mgonjwa asipotibiwa aweza kupungukiwa na maji mwilini, au utumbo ukafura hata ukatoboka, akafa.

2. Utando ulioonekana kabla ya dawa

Sasa tuanze historia yenyewe. Mwaka 1893, katika mji wa Baltimore, Marekani, daktari mpasuaji aitwaye John Finney alieleza habari za mwanamke kijana aliyefanyiwa operesheni ya tumbo. Baada ya operesheni alianza kuhara, akafa. Walipofungua mwili wake waliuona ule utando ndani ya utumbo.

Mwaka huo pensilini haikuwapo. Basi sisi twajifunza jambo la kwanza: ugonjwa huu ulikuwako hata kabla ya antibiotiki. Lakini ulikuwa wa nadra. Madaktari walidhani ni matokeo ya operesheni yenyewe, wakaendelea na kazi nyingine.

Mwaka 1935, katika mji wa Denver, Marekani, watafiti wawili, Ivan Hall na Elizabeth O'Toole, walikuwa wakichunguza choo cha watoto wachanga wenye afya njema. Humo waliona kijidudu kipya. Kilikuwa kigumu kukiotesha katika maabara, maana hakipendi hewa, na ndiyo sababu wakakipa jina la "ngumu". Walipokijaribu kwa wanyama waliona kwamba kinatoa sumu kali. Lakini wale watoto walikuwa hawaumwi kitu. Kwa hiyo kijidudu kiliandikwa katika vitabu, na kwa muda wa miaka 40 na zaidi hakuna aliyekifunga na ule utando alioueleza Finney. Mambo mawili ya kweli yalikuwa katika vitabu viwili, na hakuna aliyeviweka pamoja.

3. Pensilini yaja

Mwaka 1928, katika Hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming aliona kwamba ukungu ulioanguka katika chombo chake uliua vijidudu vilivyokuwa humo. Ukungu huo ulikuwa wa jamii ya ule uotao juu ya mkate mkuukuu. Kutoka katika ukungu huo ilipatikana pensilini. Lakini kuitoa na kuisafisha ilikuwa kazi kubwa, na kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao. Mwezi Mei 1940 waliwapa panya 8 vijidudu vya kuua. Panya 4 wakapewa pensilini, wengine 4 hawakupewa. Wale wasiopewa walikufa wote usiku ule.

Mwaka 1941 walimjaribu mtu. Alikuwa polisi, jina lake Albert Alexander, ambaye uso wake ulioza kwa usaha. Alipopewa pensilini alipata nafuu, akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno. Walifikia hata kukusanya mkojo wake ili kutoa dawa iliyotoka mwilini na kumpa tena. Dawa ikaisha, ugonjwa ukarudi, naye akafa.

Ikumbukeni habari hiyo kila mtu anapowaambia kwamba dawa hizi hazina faida. Kabla yake, mchubuko uliweza kumwua mtu mzima. Mama mzazi aliweza kufa kwa homa ya uzazi, na mtoto kwa kichomi. Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Na katika hotuba yake ya mwaka huo huo Fleming alionya kwamba mtu akitumia pensilini kidogo kidogo isivyotosha, vijidudu vitaizoea. Onyo lilitolewa mapema.

4. Sindano katika nchi yetu

Na sisi huku je? Wazee wetu waliipenda sindano kabla ya kuijua pensilini. Katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitoa sindano za bismathi kutibu buba. Buba ulikuwa ugonjwa wa madonda ya ngozi, unaokula hata mifupa. Mtu akipigwa sindano, madonda yalianza kukauka baada ya siku chache tu. Watu waliona kwa macho yao, wakaja makundi kwa makundi. Imani ya sindano haikuletwa na maneno ya mtu. Ililetwa na ngozi iliyopona.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pensilini ilishika nafasi ya bismathi. Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walifanya kampeni katika nchi 46 za dunia kati ya mwaka 1952 na 1964, na watu wapata milioni 50 walitibiwa buba na magonjwa ya jamii yake. Mara nyingi sindano moja ilitosha.

Kisha zikaja dawa nyingine: kloramfenikoli, tetrasiklini, ampisilini. Vile vidonge vya rangi mbili vikafika katika zahanati, kisha katika maduka. Mwaka 2003 mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianza mkoani Ruvuma, jirani zetu wa njia ya Songea, kisha ukaenea nchi nzima. Wauzaji walifundishwa, na maduka yakapewa ruhusa ya kuuza baadhi ya antibiotiki kwa cheti cha daktari. Nia ilikuwa njema: mtu wa kijijini asife kwa kukosa dawa iliyo umbali wa siku nzima. Lakini dawa iliyo karibu huombwa upesi. Mtu akikohoa siku mbili huenda dukani na kusema, "Nipe zile za rangi mbili, za shilingi kadhaa." Mara nyingi kikohozi hicho ni cha mafua, na mafua hayaponywi na antibiotiki hata kidogo. Dawa haikumpa faida, bali imepalilia tumbo lake na kuacha udongo mtupu.

5. Simbilisi waliokufa

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1943, watafiti wa Marekani waliwapa pensilini simbilisi. Mnawajua simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa jikoni katika nyumba nyingi za Iringa na Njombe. Walitazamia kwamba watapona kama panya wa Oxford. Lakini simbilisi wengi walikufa.

Watu walishangaa. Je, pensilini ni sumu? Mbona panya na watu hupona? Leo twajua kwamba pensilini haikuwaua yenyewe. Iliua vijidudu vyema vya utumbo wao, kisha vibaya vikaota na kutoa sumu. Kama Florey angaliwajaribu simbilisi badala ya panya mwaka 1940, huenda angaliitupa pensilini kama dawa isiyofaa.

Katika miaka ya 1950 wagonjwa wa hospitali za Ulaya na Marekani walianza kuhara baada ya kupewa tetrasiklini na kloramfenikoli. Utando wa Finney ukaonekana tena, na sasa haukuwa wa nadra. Madaktari walitafuta mwenye kosa. Katika choo cha wagonjwa walikiona kijidudu kimoja kiitwacho stafilokoka, wakasema, "Huyu ndiye." Wakawapa wagonjwa vankomaisini, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1958, na wengi wakapona.

Angalieni hapa, ndugu wanafunzi. Dawa ilikuwa sawa, lakini sababu waliyoitaja haikuwa sawa kwa wagonjwa wengi. Mtu aweza kufika nyumbani kwa njia asiyoijua, lakini safari ijayo atapotea. Kwa kuwa waliamini wamemjua adui, hawakumtafuta tena.

6. Jinsi kweli ilivyopatikana

Mwaka 1974, mjini St. Louis, Marekani, daktari Francis Tedesco na wenzake walifuata wagonjwa 200 waliopewa dawa iitwayo klindamaisini. Hawakungoja mgonjwa azidiwe. Kila aliyehara walimtazama ndani ya utumbo kwa chombo maalumu. Katika hao 200, watu 42 walihara, na 20 walikuwa na ule utando. Yaani mtu 1 katika kila 10.

Watu wakasema, "Basi klindamaisini ndiyo mbaya." Lakini jibu hilo nalo halikutosha, maana dawa nyingine pia zilileta shida ile ile. Ndipo John Bartlett na wenzake wa Boston wakatumia panya wadogo wa maabara waitwao hamsta. Waliwapa klindamaisini, nao wakafa. Wakachukua uchafu wa utumbo wa waliokufa na kuwapa hamsta wengine. Nao wakafa. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kilichoua si dawa tu. Ni kitu kilichokuwa kikiishi na kuongezeka ndani ya utumbo. Walipokitafuta walikiona: ni kile kijidudu kigumu cha Hall na O'Toole, cha mwaka 1935. Wakati huo huo watafiti wa Uingereza waliikuta sumu yake katika choo cha wagonjwa. Mwaka 1978 jambo likathibitika.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1893 mpaka 1978 ni miaka 85. Kwa miaka hiyo watu walilaumu operesheni, wakalaumu kijidudu kingine, wakalaumu dawa moja. Kila mmoja aliona kipande. Kweli ilikuwa kwamba vitu viwili vinakutana: dawa inayosafisha shamba, na gugu linalongoja.

7. Mbegu isiyosikia pombe

Kwa nini ugonjwa huu hupenda hospitali? Kuna sababu mbili. Ya kwanza, humo ndimo walimo watu wengi wanaotumia antibiotiki. Ya pili ni mbegu.

Difisile likiona hali ni mbaya hujifunga katika ganda gumu, kama mbegu. Mbegu hiyo hutoka na choo cha mgonjwa. Yaweza kukaa miezi juu ya kitanda, sakafuni, katika beseni, katika mpini wa mlango. Kitanda kikipewa mgonjwa mwingine, mkono wake hugusa mbegu, na mkono huenda kinywani.

Tangu mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, tumezoea vitakasa mikono vyenye pombe. Ni vizuri kwa vijidudu vingi. Lakini mbegu ya Difisile haifi kwa pombe. Yahitaji maji yanayotiririka na sabuni, si kwa kuiua, bali kwa kuiondoa mkononi ikaenda na maji. Na sakafu na vitanda vyahitaji dawa ya klorini.

Nchi tajiri nazo zilijifunza kwa machozi. Katika Hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, kati ya mwaka 2003 na 2005, ugonjwa ulilipuka mara mbili. Wagonjwa 334 waliambukizwa, na 33 au zaidi walikufa kwa sababu yake. Hospitali hiyo haikukosa dawa wala madaktari. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wakuu walitazama mambo mengine kuliko kuwatenga wagonjwa waliohara. Huko Marekani, mwaka 2011, watu wapata 453,000 waliugua, na 29,000 hivi walikufa katika siku 30 tangu kugunduliwa kuwa nao.

Lakini pia yako mazuri. Hospitali za Uingereza zilipopunguza kutoa dawa za jamii ya siprofloksasini bila lazima, na kuongeza usafi, ugonjwa ulishuka sana. Hawakugundua dawa mpya ya kushusha ugonjwa ule. Walipunguza ile ya zamani.

8. Mwanza, na sisi wa Nyanda za Juu

Huenda mtu atauliza, "Haya ni mambo ya Ulaya. Kwetu kuna kipindupindu, kuhara damu na minyoo. Difisile latuhusu nini?"

Jibu lilitoka Mwanza mwaka 2015. Watafiti wa Mwanza na wa Ujerumani walichukua choo cha watu 141 waliokuwa wakihara, watoto na watu wazima. Choo hicho kilioteshwa ili kijidudu kitafutwe. Katika hao 141, watu 9 walikuwa nalo. Si wengi, lakini si sifuri. Na kama hawangalitafutwa, wale 9 wangaliandikwa katika daftari kwa neno moja tu: kuhara.

Hilo ndilo jambo la kutufikirisha. Kipimo cha Difisile hakipatikani kwa urahisi katika hospitali nyingi za Tanzania. Ugonjwa usiopimwa hauna hesabu, na ugonjwa usio na hesabu watu husema haupo. Kumbukeni miaka ile 85.

Sasa tazameni mkoa wetu. Makambako ni njia panda. Barabara ya Iringa na Mbeya, barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, zote zakutana pale. Wagonjwa hutoka mbali kufuata hospitali kama Kibena, Ilembula na Ikonda, na ndugu zao huja nao. Tena katika mkoa wa Njombe sehemu ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ni kubwa kuliko katika mikoa mingine: uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha asilimia 12.7 ya watu wa umri wa miaka 15 na zaidi. Mtu ambaye kinga yake imepungua huugua mara nyingi zaidi, hupewa antibiotiki mara nyingi zaidi, na hulazwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mbegu, dawa na mwili dhaifu vyaweza kukutana hapa kama vinavyokutana kwingine. Wazee wenye miaka zaidi ya 65 nao wamo hatarini.

Serikali ya Tanzania ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa kwa miaka 2017 mpaka 2022, kisha ikaufuatiza na mpango wa pili. Mpango wataka antibiotiki zitumike kwa haki yake. Lakini mpango hauwezi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Wewe ndiwe unayekaa pale.

9. Yatupasayo kufanya

Tuseme babu amefanyiwa operesheni ya ngiri. Amepewa antibiotiki, kidonda chakauka vizuri. Siku ya sita aanza kuhara. Mwuguzi wa zamu ni binti mwenye umri wa mjukuu wake. Babu aona haya kumwambia, naye amwambia mkwe wake, "Nyamaza, yatapita." Mkwe, kwa huruma, aenda dukani kununua vidonge vya kufunga tumbo. Kila mmoja amefanya jambo la heshima na upendo, lakini yote mawili yaweza kumwua babu. Vidonge vya kufunga tumbo huizuia sumu ndani, na haya humnyima daktari habari anayoihitaji.

Basi andikeni mambo haya sita.

La kwanza: mtu akihara maji mara 3 au zaidi kwa siku wakati anatumia antibiotiki, au hata wiki kadhaa baada ya kuimaliza, amwambie mwuguzi au daktari upesi. Na ataje dawa aliyotumia. Aliye nyumbani aende na paketi mkononi.

La pili: asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, wala asinunue nyingine. Daktari ndiye ajuaye kama dawa iachwe, ibadilishwe, au iendelee. Pengine kuiacha tu kwatosha. Pengine mgonjwa hupewa metronidazoli, ambayo wengi huiita flajili, au vankomaisini ya kunywa. Vankomaisini ikipigwa katika mshipa haifiki ndani ya utumbo mpana kama itakiwavyo, kwa hiyo kwa ugonjwa huu lazima inywewe. Hata flajili, ambayo wengi huimeza kwa kila maumivu ya tumbo, ni antibiotiki, nayo yaweza kuharibu shamba lile lile.

La tatu: mgonjwa anywe maji ya chumvi na sukari yanayotolewa kwa paketi, ili maji ya mwili yarudi.

La nne: anayemwuguza mgonjwa anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni, baada ya kumsaidia chooni, baada ya kufua, na kabla ya kushika chakula. Wazee wa darasa mnaikumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1973, "Mtu ni Afya". Watu wapata milioni 2 walikaa katika vikundi kama hiki chenu, wakasikiliza, wakachimba vyoo. Ndoo ya maji na kipande cha sabuni ni mtoto wa kampeni ile.

La tano: usitumie beseni au nguo ya mgonjwa anayehara kwa mgonjwa mwingine.

La sita: usidai antibiotiki. Daktari akikuambia, "Haya ni mafua, huhitaji dawa hiyo," usimwone mchoyo. Amelihifadhi shamba lako. Na akikupa, meza kama alivyoagiza.

Neno moja la mwisho la historia. Mwaka 1958, mjini Denver, daktari Ben Eiseman alikuwa na wagonjwa wanne wa ule utando waliokuwa karibu kufa. Aliwatia katika utumbo choo cha watu wenye afya. Wakapona. Mwaka 2013, huko Uholanzi, njia hiyo ilijaribiwa kwa utaratibu: katika wagonjwa 16 ambao ugonjwa uliwarudia, 13 walipona kwa mara moja tu, na kwa vankomaisini peke yake walipona 4 katika 13. Choo hicho hupimwa kwanza magonjwa mengi. Kwa hiyo kazi hii ni ya hospitali, mtu asijaribu nyumbani kamwe. Nimewaambia ili mwone kwamba tiba hiyo haikuja kuua kitu. Ilikuja kupanda upya shamba.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini simbilisi walikufa walipopewa pensilini, na panya wakapona? Jibu kwa mfano wa shamba.
2. Kati ya mwaka 1893 na 1978 watu walilaumu vitu gani vitatu? Kila kimoja kilikuwa na ukweli gani?
3. Kwa nini kitakasa mikono cha pombe hakitoshi kwa ugonjwa huu?
4. Katika nyumba yako, antibiotiki ya mwisho ilinunuliwa kwa ugonjwa gani? Nani aliagiza?
5. Mwenzako mmoja awe babu, mwingine awe mwuguzi. Babu ajifunze kusema habari yake bila haya.

Maneno magumu

Antibiotiki: dawa ya kuua vijidudu fulani, si mafua.
Utumbo mpana: sehemu ya mwisho ya utumbo, ambamo choo hukusanyika.
Utando: ngozi nyembamba inayofunika kitu.
Usugu wa dawa: hali ya vijidudu kuizoea dawa hata isiviue tena.

Juma lijalo leteni majibu ya swali la nne yakiwa yameandikwa, hata kama ni mstari mmoja. Kwaherini.